Majina ya Waliofika Kwenye Barafu

Bwera,
16 Februari 1970

Mjomba mpendwa Zedekiah,

Pokea salamu nyingi za dada yako na zangu. Mama ni mzima, ila goti la kushoto linamsumbua akipanda kwenda shambani. Mimi ni mzima. Mbuzi mweupe amezaa. Wewe je, kifua kimepona? Ukiendelea kukohoa kwenye kipaza sauti, watu watadhani ni bunduki za sinema.

Ni miezi miwili sasa tangu nimalize shule na kuondoka nyumbani kwako, na bado naamka nikisikiliza kengele. Uliniomba nikuandikie ripoti za maonyesho yako, kwa sababu ofisi ya Sabuni ya Korongo huko Mombasa, wenye gari lako la sinema, inataka Kiswahili kilichonyooka na wewe unasema chako ni cha jeshi. Nakubali kwa furaha. Kitoro, lugha ya majirani zetu, walichotulazimisha darasa la kwanza sikitaki kwenye kalamu yangu, na lugha yetu wenyewe hakuna aliyetufundisha kuiandika. Kiswahili nilikipata kwa watoto wa reli pale Kasese bila mtu kunichapa, kwa hiyo nitakitumia.

Juzi Jumamosi gari lako la sinema lilipokuja Mpondwe, nilikuona ukinitafuta kwa macho. Nilikuwa nyuma ya marobota ya vitenge ya Laurentine, yule jirani yetu Mkongo wa Butembo. Nilitaka kutoka nikusalimu, lakini watu walikuwa wengi mno.

Picha ya kwanza, ya wapanda farasi. Watu walifurahi, hasa farasi walipoanguka. Wahindi Wekundu waliokufa ni thelathini na mmoja, niliwahesabu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na jina. Farasi wa bwana mwenye kofia nyeupe alikuwa na jina. Ulipowaita wale waliokufa majambazi, watu walishangilia, nami nikajiuliza nchi ile ilikuwa ya nani kabla ya kofia nyeupe kufika.

Picha ya pili, ya mwindaji na binti yake. Mambo yanatokea Afrika, lakini nchi haikutajwa. Mtu mweusi anayeongea ni mmoja tu. Anasema "Ndiyo, bwana" mara saba, na kabla ya kusema ya nane analiwa na mamba. Mwindaji anavua kofia, kisha wanakunywa chai. Hapo Laurentine alipiga kelele kwa Kiswahili chake cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa, soko zima likamsikia: "Mais, ule mutu iko na bibi! Nani ataenda kuambia bibi yake?" Watu walicheka sana. Mimi swali lile sijaacha kuliwaza.

Sabuni ilipendwa.

Nisamehe kama ripoti ni ndefu. Unajua mbele za watu huwa nashindwa kabisa. Mwalimu aliniita "yule wa dirishani" mpaka siku ya mwisho. Kwenye karatasi hakuna anayenitazama.

Mpwa wako akupendaye,
Ithungu


Kasese,
3 Machi 1970

Mwanangu Ithungu,

Salamu kwako na kwa dada yangu na kwa huyo mbuzi. Mimi niko salama, kifua kimetulia, ni jenereta tu sasa inakohoa. Mwambie Mama yako apake goti mafuta ya moto asubuhi, asisubiri jioni.

Mombasa wamejibu! Wameandika: "Ripoti nzuri, mwandishi ana macho." Halafu chini, kwa wino mwekundu: "Punguza habari za mamba." Nilicheka mpaka dereva akaniuliza kama ni barua ya mwanamke. Sikiliza, mwanangu. Wale wanataka kujua watu walikuwa wangapi, walicheka wapi, sabuni ilitoka namna gani. Habari ya nani iko na jina na nani hana, weka kwa daftari yako mwenyewe. Mimi ni msemaji wa sinema. Watu hawasikii Kiingereza, mimi ndiyo mdomo wao. Picha ikiwa kavu, mimi natia chumvi. Ndiyo kazi.

Sasa sikia. Imefika picha moja, imepigwa mwaka wa 1961, lakini kwetu ni mpya, kwa maana sinema inatufikia kama koti: watu wengine wamekwisha kulivaa. Ni ya Wazungu wanne wanaopanda mlima wetu mpaka kwenye barafu. Ndiyo jina lake, *Waliofika Kwenye Barafu*. Mimi nimeiona mara moja ofisini, mlango umefungwa. Ndani iko mtu mmoja utamtambua. Sisemi zaidi, hata ukilia.

Njoo Jumamosi tarehe 21. Tunaonyesha katika kambi ya askari, na familia zao wote watakuja. Nimekuwekea kiti karibu na mashine, nyuma, ambapo hakuna mtu atakutazama. Vaa sweta.

Mjomba wako,
Zedekiah


Bwera,
2 Aprili 1970

Mjomba,

Mama anakusalimu. Hajui ninachoandika. Sisi ni wazima na natumaini nawe u mzima. Nimeandika hivyo kwa sababu ndivyo barua inavyoanza.

Niliondoka Jumapili asubuhi na lori la chumvi bila kukuaga. Nilikaa nyuma juu ya magunia kutoka Kasese mpaka Bwera.

Baba alipokufa nilikuwa na miaka tisa. Hatuna picha yake hata moja. Nilikuwa nimeanza kusahau pua yake. Nilijua tu kwamba ilikuwa kubwa, kwa sababu Mama husema hivyo akinitazama. Halafu pale kambini, kati ya mabomba ya jenereta na vichwa vya watoto wa askari, akatokea. Mzima. Ana mzigo mgongoni, kamba imepita kwenye paji la uso, anatembea kama anavyotembea mtu anayechelewa. Nilisimama. Nilitaka kukushika mkono.

Wapagazi wakafika penye mawe, mwanzo wa barafu, wakaketi. Baba akasimama mbele ya Wazungu. Akainua mguu, akawaonyesha unyayo, huku mdomo wake unasema maneno. Sauti yake haikuwekwa. Iliwekwa sauti ya Kiingereza iliyosema kwamba wenyeji wanamwogopa mungu wa theluji, na kwamba huyu anafanya sala ya kabila lake.

Nawe ukashika kipaza sauti ukasema: "Haya, mtazameni nyani wa mlimani anacheza ngoma ya baridi! Shika mkia, mzee, usianguke!"

Askari wakacheka mpaka viti vikalia. Wakakuomba urudie. Ukarudia. Mtoto mmoja nyuma yangu alikwenda nyumbani akiimba neno hilo.

Mjomba, wewe ndiye uliyenisimulia jinsi ulivyopigana darasani kwa sababu wenzako walikuita kwa neno hilo. Ulinionyesha jino lililovunjika. Na mtu yule hukumdhania kuwa mgeni. Ulimjua. Ndiyo maana uliniita.

Ripoti ya onyesho lile siandiki.

Ila kuna jambo nililoliona, na nitakuambia kwa sababu Mombasa walisema nina macho. Kabla ya Baba kuinua mguu, wapagazi wote wako miguu mitupu. Mara picha inakatika, na baada ya hapo wanatembea juu ya barafu, na karibu wote wana viatu. Sauti ya Kiingereza haisemi viatu vimetoka wapi. Viatu havidondoki kutoka kwa mungu wa theluji. Kuna kitu kimeondolewa katikati pale, nami nitakitafuta.

Ithungu, binti Nzanzu


Kasese,
12 Aprili 1970

Kwa Ithungu,

Salamu. Mimi niko mzima wa mwili. Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya kwanza kwa hasira, nikaitupa chini ya kitanda. Ya pili niliinama kuitafuta.

Wewe unakijua kitambaa cha sinema. Wanaoketi mbele yake huwajui. Jioni ile, kabla hujafika, nilikuwa nafunga nyaya. Afande mmoja akaja akasimama juu yangu.

"Wewe msemaji. Kabila gani?"

Nikasema, "Afande, mimi mtu wa sabuni."

Akasema, "Sabuni si kabila. Wewe si mmoja wa wale waasi wa huko juu mlimani wanaotusumbua?"

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Haya. Tutaona."

Unajua vijana wetu wangapi wamechukuliwa kwa swali kama hilo, na hawakuwa wamefanya kitu ila kuzaliwa juu ya kilima. Picha ilipofika pale, watu wote walitazama kitambaa. Yule alinitazama mimi. Mdomo ukajitetea wenyewe. Mtu anayewachekesha hawamchukui, Ithungu. Mimi nimeishi hivyo miaka saba na gari hili, kutoka Katunguru mpaka Mpondwe.

Baba yako alikuwa rafiki yangu kabla hajawa shemeji yangu. Nilimlilia ofisini kabla hujamlilia wewe. Nilitaka umwone. Hilo tu ndilo nililolitaka, halafu nikaliharibu kwa mdomo wangu.

Sasa nisikie. Tarehe 23 Mei tunakuja Bwera na picha ileile. Huko nitasema maneno mazuri. Nitamwita shujaa wa mlima. Dada yangu ataketi kiti cha mbele na kitambaa kichwani kama bibi harusi. Watu watapiga vigelegele. Hiyo si inatosha?

Kwa hiyo niandikie ripoti ile, mwanangu. Watu mia tatu, walicheka, sabuni imekwisha. Hiyo nayo ni kweli.

Mjomba wako,
Zedekiah


Bwera,
27 Aprili 1970

Mjomba,

Hatujambo. Goti la Mama limepata nafuu kwa mafuta uliyosema. Natumaini kifua chako hakijarudi, na yule afande hajarudi pia. Sikujua habari zake. Nimezifikiria siku nyingi kabla ya kuandika. Bado nina hasira, lakini sasa najua pa kuiweka.

Juma lililopita nilipanda kwa mzee Tsongo. Huenda umemsahau: ni yule anayekaa peke yake juu kule, asiye na vidole viwili vya mguu. Mama aliniambia kwamba alikwenda na Baba safari ile. Unajua siwezi kuingia nyumba ya mtu nisiyemzoea. Nilisimama kwenye migomba yake mpaka akanipigia kelele yeye.

"Wewe mwizi wa ndizi au mwizi wa kuku?"

"Mimi binti Nzanzu."

"Nzanzu mwenye pua? Haya, geuka upande. Ndiyo, ni kweli. Umeniletea nini?"

Nilikuwa na chumvi. Akaipokea, akaniambia niketi. Nikamweleza filamu yote tangu mwanzo. Alisikiliza akitafuna, kisha akauliza, "Na suruali yangu ilionekana vizuri?"

"Hukuonekana, mzee."

"Hata kidogo? Nilinunua suruali mpya kwa ajili ya picha ile!"

Mjomba, hayumo kwa sababu yeye ndiye aliyebeba kamera. Aliibeba kutoka chini mpaka kwenye barafu, na kila walipotaka kupiga picha aliambiwa aitue na akae nyuma yake. Kamera ilivikwa blanketi mbili. Yeye alikuwa na moja. Vidole vyake vilikufa huko. Wenzake wote alinitajia majina, na kila mmoja alibeba mzigo gani.

Nikamwuliza kama kweli walimwogopa mungu wa theluji. Akakasirika.

"Mungu tulimpa kuku wake chini kabisa, kabla ya kupanda, kama mtu yeyote mwenye adabu anavyofanya. Hatukuwa na ugomvi naye. Ugomvi ulikuwa wa viatu! Walituahidi viatu pale Kasese. Walikuwa navyo kwenye masanduku, sisi wenyewe tuliyabeba masanduku hayo. Wakasema tutavivaa tukifika juu, ili visichakae. Tukafika juu, wakasema kesho. Basi tukaketi. Tukamwambia Nzanzu, wewe mwenye mdomo, kawaambie. Akasimama, akawaonyesha unyayo, ulikuwa umepasuka kama udongo wa kiangazi. Akasema, hatutii mguu huu kwenye barafu mpaka mfungue sanduku. Yule wa kamera akaona ni picha nzuri. Akapiga."

"Wakafungua?"

"Jioni. Jozi sita, na sisi tisa. Baba yako zilikuwa zinambana. Akatoa kisu akazikata pua."

Mjomba, viatu hivyo viko nyumbani kwetu. Vimetundikwa juu ya jiko tangu nijue kutazama. Pua zimekatwa, na matundu yamezibwa kwa majani makavu ya mgomba. Mama huweka mbegu za maharage ndani. Miaka yote nilidhani ni panya waliovila.

Kwa hiyo Baba hakuwa anacheza wala kusali. Na sikiliza, "shujaa wa mlima" pia sitaki. Hilo ni neno la kupaka juu. Alikuwa mtu aliyesema hapana kwa niaba ya wenzake wanane, na wakamfungulia sanduku.

Unasema Bwera utasema maneno mazuri. Bwera wanamjua Nzanzu. Hawahitaji kuambiwa. Ukweli unatakiwa pale ulipotoa uongo, kwa masikio yaleyale. Huwezi kumwita Baba nyani kambini na shujaa nyumbani kwake, kama mtu mwenye koti la mvua na koti la jua.

Ripoti uliyoniomba nimeiandika. Hii hapa:

"Filamu hii ina watu kumi na watatu. Wanne wana majina, sauti, na viatu tangu mwanzo. Tisa hawana. Wanane wanaonekana lakini hawasikiki, na mmoja haonekani kabisa. Filamu inasema wapagazi waliogopa mungu. Kwa kweli walikuwa wamegoma kwa sababu ya viatu walivyoahidiwa, na wakavipata. Msemaji aliwaambia watu kwamba ni nyani. Watu mia tatu walicheka. Walichekeshwa kwa uongo."

Itie sahihi au ichane. Nyingine siandiki.

Mpwa wako,
Ithungu


Kasese,
8 Mei 1970

Ithungu,

Salamu kwenu. Niko salama.

Ripoti yako sikuitia sahihi. Sikuichana pia. Iko kwenye sanduku la vipuri, chini ya taa za akiba.

Habari mbaya ni kwamba Bwera hatuji. Ofisi imeleta simu ya maandishi: filamu inatakiwa kurudishwa Nairobi, na itapanda treni Jumatatu tarehe 18. Onyesho la mwisho ni Jumamosi tarehe 16, na ni palepale kambini, kwa sababu askari wenyewe wameomba iletwe tena. Wameomba na ile ya nyani.

Mwambie dada yangu pole. Nilikuwa nimemwahidi kiti cha mbele.

Usije. Nakuomba kama mjomba wako. Usije.

Zedekiah


Kasese,
18 Mei 1970

Mwanangu Ithungu,

Salamu kwako, kwa Mama yako, na kwa Laurentine. Nasikia mlifika salama na lori la saa mbili. Mimi niko mzima. Najua unataka kuanza na hilo, kwa hiyo nimeanza nalo.

Yule afande alinichukua ofisini kwake baada ya onyesho, na nilitoka saa nne asubuhi, ninyi mmekwisha kuondoka. Hawakunipiga. Aliuliza majina ya wapagazi, akayaandika kwa penseli. Nikamwambia, "Afande, wengi wao wamekufa." Akasema, "Andika wewe basi, mimi sijui kuyaandika." Nikayaandika. Sasa hata jeshi wana orodha. Gari letu halitaingia tena kambini, amesema. Mombasa wanaweza kunifuta. Basi wanifute, mdomo ni wangu, si wao walionipa.

Ripoti hii nimeiandika mimi mwenyewe, kwa mkono wangu na kwa Kiswahili changu cha jeshi. Nimekuletea nakala uisome kabla sijaituma Ijumaa.

RIPOTI YA ONYESHO

Mahali: kambi ya askari, Kasese. Siku: 16 Mei. Picha: Waliofika Kwenye Barafu. Watu: kama mia tatu na hamsini. Msemaji: Zedekiah mpaka kwenye barafu. Baada ya hapo, Ithungu binti Nzanzu.

Picha ilipofika mahali pa mguu, askari walianza kupiga kelele: "Nyani! Leta nyani!" Msemaji alisimamisha filamu. Alizima taa ya mashine, kwa maana filamu ikisimama na taa inawaka, inaungua. Ikawa giza, imebaki taa ndogo penye jenereta. Msichana alitoka nyuma ya jenereta, amebeba viatu viwili vimekatwa pua. Msemaji alikuwa amemwambia asije.

Alishika kipaza sauti. Alisema kitu, hakuna aliyesikia. Mke wa askari mmoja, anaitwa Lakot, mwanamke mrefu, alisimama juu ya benchi akasema, "Jenereta inyamaze, au huyu mtoto aseme kwa nguvu!" Jenereta haiwezi kunyamaza. Mtoto akasema kwa nguvu.

Alisema: "Mnayetaka kumcheka ni baba yangu. Ana jina. Anaitwa Nzanzu. Hachezi. Anawaonyesha Wazungu mguu wake, kwa sababu yeye na wenzake waliahidiwa viatu, na viatu vimefungiwa kwenye sanduku ambalo yeye amelibeba. Viatu vyenyewe ni hivi."

Akaviinua. Maharage yakamwagika. Hakuna aliyecheka.

Askari mmoja kutoka nyuma aliuliza, "Walipewa?"

Akajibu, "Jozi sita, kwa watu tisa."

Yule askari akasema, "Hata sisi!"

Hapo watu walicheka. Afande akasema, "Kimya huko!" Lakini walicheka na afande akiwa amewatazama, na hicho kicheko msemaji alikuwa hajakisikia katika kambi hiyo miaka saba.

Msemaji alirudisha filamu nyuma kwa mkono, akawasha taa. Tukaonyesha mahali pa mguu mara ya pili. Msichana akataja majina, mmoja mmoja, kila mtu alipopita kwenye kitambaa. Mama mmoja alisimama kutoka kiti cha mbele, akaenda mpaka kwenye kitambaa, akashika ule unyayo kwa mkono wake. Kivuli chake kiliziba barafu. Watu hawakumwambia ondoka. Huyo ni dada yangu; nilipomwona amekuja, nilimpa kile kiti nilichomwahidi.

Sabuni: haikuuzwa hata kipande. Msemaji alisahau kuitangaza.

Msemaji huyu alisema tarehe 21 Machi kwamba watu hawa ni nyani. Alisema uongo, na aliwajua. Majina yao ni haya: Nzanzu. Baluku. Bwambale. Masereka. Kule. Thembo. Mbusa. Muhindo.

Sahihi: Zedekiah, msemaji.

Basi. Kama iko kosa la Kiswahili, liache. Kama iko kosa lingine, niambie.

Mjomba wako,
Zedekiah


Bwera,
20 Mei 1970

Mjomba wangu,

Nakusalimu kwa kalamu tu, kwa sababu sauti imeniisha tangu Jumamosi. Laurentine anasema, "Miaka kumi na saba ulikuwa naweka sauti, siku moja umeimaliza yote!" Mama ni mzima. Jana nilimkuta akimweleza mbuzi jinsi Baba anavyotembea. Viatu ameviosha, akavirudisha juu ya jiko na mbegu zilizobaki. Anakushukuru kwa kile kiti. Natumaini umelala, na kwamba hakuna aliyerudi mlangoni kwako. Akirudi, tutumie habari, tutakuja na lori lolote. Sasa tunaijua njia ya kambi.

Ripoti yako nimeisoma kwa sauti niliyobakiwa nayo, na Mama akasema isomwe tena. Kiswahili sikukigusa. Sijui kama Mombasa watakufuta. Wakikufuta, bado itakuwa imesomwa na mtu pale, na mtu huyo atakuwa amejua.

Lakini uliniambia nikikuta kosa nikuambie. Umeandika majina manane. Walikuwa tisa. Kosa si lako, ni langu. Pale mbele nilitaja wale tu niliowaona kwenye kitambaa, kama filamu yenyewe inavyofanya. Sikulitambua hilo mpaka jana nilipopanda kwa mzee Tsongo kumsimulia. Safari hii sikusimama kwenye migomba. Nilimweleza yote, mpaka mkono wa Mama kwenye kitambaa. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza neno moja: "Na mimi?"

Nilimwahidi kwamba nitakuandikia, Mjomba.

Ripoti isiende Mombasa bila yeye. Mwandike: Tsongo. Andika kwamba humwoni kwenye filamu mahali popote, hata suruali yake, kwa sababu yeye ndiye aliyebeba kamera mpaka kwenye barafu, na akaishusha. Kama karatasi imejaa, andika pembeni.

Mpwa wako na msemaji mwenzako,
Ithungu binti Nzanzu